Jina la Mdachi: Kutafuta Asili ya Ukoo Wetu wa Buyenzi

Nyumbani kwetu Buyenzi kuna sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Imeandikwa "Deutsch Ostafrika", mwaka 1910, heller 10, na ina herufi ndogo J. Imefungwa kwa uzi na kuwekwa katika kopo la majani ya chai pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo. Tulipokuwa watoto tuliruhusiwa kuishika siku ya Idi tu. Tuliambiwa kwamba ilikuwa mali ya baba wa babu yetu, na kwamba mtu huyo alijulikana mtaani kote kwa jina moja: Mdachi.

Mwaka jana baba mkubwa aliniita. Nilimkuta ameiweka sarafu mezani, pembeni yake daftari jipya na kalamu. Akaniambia, "Wewe ndiye unayesoma historia. Nitafutie jina la yule Mjerumani, tuandike barua kwao." Hesabu yake ilikuwa fupi. Kama babu yake aliitwa Mdachi, basi aliyemzaa alikuwa Mjerumani. Kama alikuwa Mjerumani, alikuwa na jina la ukoo. Jina hilo likipatikana, ni letu sote. Herufi J, kwa maoni yake, ndiyo iliyoanza jina la mtu huyo: labda Johann, labda Josef.

Katika insha hii ninaeleza jinsi nilivyolitafuta jina hilo, niliyojifunza kuhusu desturi za majina za Wajerumani na za kwetu, na kwa nini barua ile haikuandikwa mpaka leo.

Kwa nini baba mkubwa alilitaka jina

Mtu anayetafuta babu Ulaya ni rahisi kumcheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu, kwa sababu najua kinachomsukuma.

Mwaka 1995 mauaji yalipofika Bwiza na Buyenzi, baba mkubwa alivuka mpaka kwenda Uvira na mkewe na watoto. Katika mbio zile mtoto wao wa pili alipotea. Baadaye ilijulikana kwamba majirani walimchukua, wakafika naye kambi ya wakimbizi Tanzania, na kutoka huko akapelekwa nchi za mbali pamoja na familia iliyomlea. Alipokuwa mtu mzima alijaza karatasi za kumwalika baba yake. Karatasi zikarudishwa. Baba mkubwa anaitwa kwa jina lake na jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa Buyenzi. Mwanawe kambini aliandikishwa kwa jina la Kirundi. Mtu mmoja ofisini akasema hakuna kinachoonyesha kwamba hawa wawili ni baba na mwana. Wakajaza tena, zikarudi tena.

Tangu siku hiyo baba mkubwa ana neno lake: "Wazungu ukiwasoma majina unajua huyu ni wa nani. Sisi kila mtu na lake, ndiyo maana tunapotezana." Kwa hiyo hakuwa akitafuta fahari. Alitaka kitu cha kuwafunga watu wake pamoja, kitu ambacho mtu wa ofisini hawezi kukikataa.

Wadachi wa Usumbura

Neno Mdachi limetokana na "Deutsch", jinsi Wajerumani wanavyojiita wenyewe. Warundi nao husema Abadagi, na nchi yao Ubudagi. Mataifa ya Ulaya yalipogawana nchi zetu kwenye ramani, Burundi iliwekwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla Mrundi yeyote hajaambiwa. Oscar Baumann, raia wa Austria, alipita nchini mwaka 1892. Baadaye Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na kabla karne ya 19 haijaisha kituo hicho kilikuwa Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura.

Mwami Mwezi Gisabo hakuwakubali. Robert von Beringe, aliyekuwa mkuu wa kituo, alimpiga vita, na mwezi Juni 1903 Mwami akalazimika kupokea mkataba wa Kiganda pamoja na faini ya ng'ombe 424. Mwaka 1906 Usumbura ikawa makao ya Residenti wa Urundi, na wa kwanza alikuwa Werner von Grawert. Mwaka 1912 makao yalihamishiwa Gitega, ambako boma la Wajerumani bado limesimama. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, kisha Gitega. Utawala wa Wadachi hapa, tangu kituo cha kwanza, ulidumu miaka 20 hivi.

Jambo linalohusu swali letu ni hesabu ya watu. Wajerumani wenyewe walikuwa wachache sana bomani. Walioujaza mji walikuwa askari Waafrika, wakiwemo Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, pamoja na wake zao na watoto wao, wapagazi, wapishi, na wafanyabiashara Waswahili waliotoka Ujiji na pwani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Buyenzi yenyewe ilipangwa baadaye, wakati wa Wabelgiji, lakini watu wake wengi wa mwanzo walitokana na mji ule wa boma na soko.

Kwa mtu wa milimani, kila aliyetoka bomani alikuwa mtu wa Wadachi. Alivaa nguo yao, alitekeleza amri yao, alilipwa fedha yao. Kwa hiyo mtoto angeweza kuitwa Mdachi kwa sababu aliyemzaa alikuwa Mjerumani, lakini pia kwa sababu baba yake alikuwa askari wao au mpagazi wao, au kwa sababu tu alizaliwa karibu na boma. Jina la utani lina milango mingi, nasi tulikuwa tumeufungua mmoja tu.

Hata sarafu haikutusaidia. Heller zilianza kutumika katika koloni mwaka 1904, ambapo rupia moja ilikuwa heller 100. Herufi iliyo juu ya sarafu inaonyesha kiwanda kilichoigonga: A ni Berlin, J ni Hamburg. Nilipomweleza baba mkubwa kwamba J yake ni mji wa bandari, hakufurahi. Sarafu hizi zililipwa kwa wapagazi na wauza ndizi, zikasambaa nchini kiasi kwamba Warundi wakatoa humo neno lao la fedha. Tunaposema "amahera" sokoni, tunataja heller ya Mjerumani. Na tunapompeleka mtoto "ishule", kama Waswahili wanavyosema shule, tunatumia neno lao "Schule". Urithi huo wa Wadachi tunao sote, mwenye babu wa Kijerumani na asiye naye.

Majina ya Wajerumani

Nilidhani jina la ukoo la Mjerumani ni kitu cha kale kama damu. Niliposoma nilikuta mambo tofauti.

Zamani Wajerumani walikuwa na jina moja tu, kama watu wengi duniani. Kuanzia karne ya 12 miji ilipokua, akina Heinrich na Johannes wakawa wengi mno katika mtaa mmoja, ikabidi watofautishwe. Mmoja akaitwa kwa kazi yake: Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshonaji, Fischer ni mvuvi, Weber ni mfumaji. Mwingine akaitwa kwa umbo lake, kama Klein, mdogo. Mwingine kwa mahali alipotoka. Meyer alikuwa msimamizi wa shamba la bwana. Na Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 na kuchapisha kitabu juu ya Warundi mwaka 1916, alilibeba jina hilo bila kusimamia shamba la mtu. Majina yalikuwa yamekwisha kuganda: mtoto wa Schneider aliweza kuwa mhunzi na bado akaitwa mshonaji.

Lakini hayakuganda mahali pote kwa wakati mmoja. Kaskazini, katika Schleswig na Frisia, watu waliendelea kuitwa kwa jina la baba. Mtoto wa Peter Hansen aliitwa Hans Petersen, na mtoto wa Hans Petersen akawa Peter Hansen tena. Mtu wa Buyenzi ataielewa desturi hii bila kufundishwa, kwa sababu ndiyo "bin" yetu. Iliachwa kwa amri ya serikali, si kwa hiari: Schleswig mwaka 1771, na Frisia ya Mashariki mwaka 1811 wakati wa Napoleon. Hata hivyo watu wengi waliendelea na desturi yao miaka mingi baada ya amri. Kule Westfalia jina lilifuata shamba. Mwanamume aliyeoa binti mwenye shamba aliacha jina la baba yake akachukua la shamba la mkewe. Mayahudi wa Prussia walitakiwa kuchukua majina ya kudumu mwaka 1812, walipokuwa wakipewa uraia.

Daftari za serikali za kuzaliwa, kuoa na kufa zilienea katika dola nzima ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo kazi hiyo sehemu nyingi ilifanywa na makanisa. Yaani Wajerumani walipokuwa wakijenga boma Usumbura, daftari zao wenyewe za nchi nzima zilikuwa na umri wa kijana wa miaka 20 hivi.

Kwa hiyo jina la ukoo ni chombo. Serikali ilikitaka ili ijue nani wa kulipa kodi, nani wa kuingia jeshini, na nani wa kurithi nini. Kinafaa kwa kazi hiyo. Lakini anayelifuata jina la Müller hadi mwanzo wake hatakuta damu. Atakuta kinu cha kusaga.

Majina yetu

Kwetu jina lilikuwa na kazi nyingine. Mrundi humpa mtoto jina lake peke yake. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuitwa Hakizimana, Ndikumana na Nzeyimana, na hakuna anayeshangaa. Jina husema hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa: imani ya wazazi, msiba, ugomvi na jirani, shukrani. Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1983. Majina mengine huhesabu. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa kumi ni Bucumi. Hata wafalme walikuwa na mzunguko wao: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha kurudi mwanzo.

Mtu alipohamia mjini na kusilimu, alipewa jina la pili la Kiislamu, na watoto wake wakaitwa kwa utaratibu wa baba na babu. Kisha zikaja karatasi za Wabelgiji zenye nafasi mbili, "nom" na "prénom". Karani alipaswa kujaza zote. Kwa Mkristo aliweka jina la Kirundi upande wa "nom" na la ubatizo upande wa "prénom". Hapo jina la mtu mmoja likaanza kuonekana kama jina la ukoo, ingawa baba yake hana na mtoto wake hatakuwa nalo.

Tatizo la baba mkubwa lilianzia kwenye nafasi hizo mbili. Majina yetu hayakuwa na kosa. Mrundi anapotaka kukujua haulizi jina la ukoo. Anauliza unatoka kilima gani na ni mtoto wa nani. Lakini karatasi ilitengenezwa kwa ajili ya watu walioganda majina yao, nayo humshuku yeyote ambaye hakufanya hivyo.

Sheria iliyofunga njia

Hata hivyo nilikuwa nimeahidi kutafuta, nikaendelea. Nilijiuliza: tuseme baba mkubwa ana haki, na aliyemzaa Mdachi alikuwa Mjerumani kweli. Tutalipata wapi jina lake?

Jibu linasikitisha. Mwaka 1906 ndoa kati ya Wazungu na Waafrika zilipigwa marufuku katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka mmoja baada ya kupigwa marufuku katika koloni lao la Kusini Magharibi, nchi ya Namibia ya leo. Kulingana na hesabu za umri katika familia yetu, Mdachi alizaliwa karibu na mwaka 1911. Kama baba yake alikuwa Mzungu, mama yake hakuweza kuwa mke wake mbele ya serikali ile. Daftari za ndoa na vizazi zilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Mtoto kama huyo hakuwa na ukurasa.

Na Ujerumani kwenyewe sheria ilisemaje? Sheria ya Kiraia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900 ilisema kwamba mke huchukua jina la mumewe, na kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huchukua jina la ukoo la mama yake. Ilisema pia kwamba mtoto huyo na baba yake hawahesabiwi kuwa ndugu. Baba alipaswa kumtunza mpaka afike miaka 16, lakini kisheria hawakuwa na udugu. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1970. Uraia nao ulifuata njia hiyohiyo: mtoto wa ndoa aliupata kwa baba, wa nje ya ndoa kwa mama. Sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya Wajerumani. Wenyeji wa koloni walitawaliwa kwa amri za gavana. Lakini zinaonyesha kwamba hata msichana wa Berlin aliyezaa nje ya ndoa hangeweza kumpa mwanawe jina ambalo sisi tulilitaka kutoka Buyenzi.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Yule Robert von Beringe aliyempiga vita Mwezi Gisabo alisafiri mwaka 1902 kutoka Usumbura kwenda Rwanda, na katika mlima Sabinyo aliwapiga risasi gorila wawili. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama mjini Berlin alimpa gorila huyo jina la kisayansi Gorilla beringei, ndilo analoitwa hadi leo. Mnyama wa msituni alipata jina la ofisa wa Kijerumani kwa kuuawa naye. Mtoto wa mwanamke Mwafrika hakulipata hata kwa kuzaliwa naye.

Nilipomaliza kumsomea baba mkubwa sehemu hii, alikaa kimya. Kisha akasema, "Kwa hiyo kwa sheria yao, hata kama ni babu yetu, si babu yetu." Akaichukua sarafu akaanza kuizungusha kwenye uzi wake. Baadaye akauliza swali ambalo kwa miaka 60 hakuwahi kuliuliza: "Na huyo mama yake Mdachi, yeye aliitwa nani?"

Alichosema nyanya

Nyanya alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango, akichambua mchele. Ndiye mama mzazi wa baba mkubwa na wa baba yangu. Wakati wote tulipozungumza juu ya ukoo hakuna aliyemuuliza neno, kwa sababu "yeye ameolewa tu", si damu ya Mdachi. Alijibu bila kuinua kichwa: "Jina lake lipi? Alikuwa na mawili."

Nyanya aliolewa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, na aliletwa kuishi katika ua ambamo mama yake Mdachi alikuwa bado hai, mzee sana, haoni vizuri. Kazi ya bibi harusi mgeni ilikuwa kumwogesha na kumlisha. Miaka mitatu walikaa pamoja mchana kutwa, wanaume wakiwa sokoni na ziwani. Ndiyo maana mambo ambayo wanaume wa ukoo hawakuyajua, mwanamke wa kuja aliyajua.

Nilimuuliza kama yule mzee aliwahi kusema kwamba mzazi mwenziwe alikuwa Mzungu. Nyanya akafikiri. "Hakusema Mzungu. Alisema: baba yake alikwenda na Wadachi."

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi. Alikwenda na Wadachi. Mtu anaweza kuyasikia kwamba alikuwa mmoja wao, na watoto mtaani huenda ndivyo walivyosikia, wakamwita mwana wake Mdachi. Lakini yanasema tu kwamba walipoondoka, naye aliondoka. Mwezi Juni 1916 jeshi la Wajerumani lilipoiacha Burundi na kurudi nyuma kuelekea Tabora, liliondoka na askari na wapagazi wake. Katika koloni zima Wajerumani waliopigana walikuwa 3,000 hivi, na askari Waafrika walizidi 10,000, bila kuwahesabu wapagazi, waliokuwa wengi kuliko hao wote, na ambao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Vita vilipokwisha mwezi Novemba 1918, askari waliosalimu amri Abercorn pamoja na kamanda wao hawakufika 1,200. Ninaamini mtu wetu alikuwa katika msafara wa mwaka 1916, na nadhani alikuwa askari au mpagazi. Aliacha sarafu moja na mtoto wa miaka mitano. Hakurudi.

Siwezi kulithibitisha hilo kwa karatasi. Ninapima kilicho karibu zaidi na ukweli: maneno ya mwanamke aliyemjua, yaliyopokewa na mwanamke aliyemhudumia.

Kisha tukarudi kwenye jina. La kwanza lilikuwa la Kiislamu, alilopewa alipokuja kuishi Usumbura, na hilo liko kwenye kaburi lake. La pili hakuna mtu mjini aliyelitumia. Lakini mara moja au mbili kwa mwaka walikuja wanawake kutoka milimani wakiwa na vikapu vya maharage, wakakaa naye uani na kuzungumza Kirundi, nao walimwita kwa jina ambalo Warundi humpa mtoto wa saba.

Baba mkubwa ni Mrundi, hakuhitaji kuelezwa. Akaiweka sarafu chini. "Wa saba," akasema. "Basi walikuwapo sita wengine."

"Walikuwapo," nyanya akasema. "Nilimuuliza. Akaniambia wamebaki kwao, juu, upande wa Muramvya. Wale wa maharage walikuwa watoto wa kaka yake. Alipokufa walikuja kuzika. Baada ya hapo nyinyi mkawa watu wa mjini, hakuna aliyekwenda."

Hitimisho

Nilianza utafiti huu nikiwa na swali la baba mkubwa: jina la ukoo la Mjerumani ni lipi? Nimejifunza kwamba swali lenyewe lilikuwa limeazimwa. Jina la ukoo ni utaratibu ambao Wajerumani wenyewe waliupata polepole, mara nyingi kwa amri, na waliochelewa kuufuata walikuwa wakiitana kama sisi tunavyoitana. Kwa sheria yao, mtoto asiye wa ndoa alikuwa wa mama yake. Kwa maneno ya wazee wetu, baba alikwenda na hakurudi. Njia zote mbili zinafika kwa mwanamke mmoja, na jina lake la Kirundi, bila kuhitaji daftari lolote, lilikuwa limetunza habari ambayo jina la Müller au Schmidt haliwezi kuitunza: kwamba alikuwa na ndugu sita.

Waswahili wa Bujumbura tumezoea kuambiwa kwamba hatuna kilima, kwamba tulikuja na Waarabu, au na Wadachi, au na Wabelgiji. Wengine wetu tumeyaamini maneno hayo hata tukatafuta asili yetu kwa wale waliotuletea boma. Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi hatukukataa kwetu. Tulikuhesabu kwa upande wa baba peke yake, na upande huo ulipokatika tukadhani hakuna kitu kilichobaki. Kumbe ujombani kulikuwapo siku zote, safari ya basi isiyofika nusu siku.

Sidai kwamba jambo hili linatatua shida ya karatasi za baba mkubwa na mwanawe. Kwa hilo wamepata njia nyingine: nyanya ametoa ushahidi wake, nami nimeuandika pamoja na majina ya watu wote wa ukoo tunaowajua, kila mtu na jina lake, na mstari unaoonyesha nani alimzaa nani. Waliletewa karatasi ziandikwe upya, na sasa wanasubiri.

Mstari wa juu kabisa katika orodha hiyo ni wa mtoto wa saba. Baba mkubwa alitaka juu yake niache nafasi wazi, kwa ajili ya wazazi wake na wale sita. Ule ukurasa wa daftari uliokusudiwa barua ya Ujerumani ameuandika nauli za basi la kwenda Muramvya, watu wanne, kwenda na kurudi. Tutakwenda kiangazi, nyanya akiwa mbele, kwa sababu ndiye peke yake anayezikumbuka sura za wale waliokuja kuzika. Sarafu itabaki katika kopo lake.